Mfalme Mmoja, Majina Matatu

Tuseme kuna kijana mmoja wa Kilwa Masoko. Amemaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakumfikisha mbali, lakini mjomba wake ana mashua ya mashine inayovusha watu kwenda Kilwa Kisiwani. Wageni wakija, mjomba anashika usukani na kijana anaongoza. Kiingereza anakimudu, bashasha anayo, na bando halimwishii. Kwa kazi ya kutembeza watu kwenye magofu, ungesema huyo keshapata riziki yake.

Katika mashua hiyohiyo hupanda mzee ambaye kijana humwita babu, ingawa si babu yake wa damu. Huyu naye ni mwongozaji, tena wa tangu zamani. Cheti hana. Anayoyajua aliyaokota kwa watu: kwa vibarua waliochimba pamoja na Neville Chittick, Mwingereza yule aliyefukua Kilwa miaka ya 1960, kwa mashekhe, na kwa wageni wenyewe, maana kila msomi aliyemvusha alimuuliza jambo moja na kurudi nalo nyumbani. Ana desturi moja ambayo watu wa mashuani huicheka. Mashua ikigeuza kurudi Masoko, husimulia safari yote upya, kuanzia waliposhuka, kisha humgeukia aliye karibu naye na kumwambia, "Haya, nipe wewe."

Aliye karibu naye siku zote ni huyu kijana.

"Babu, hayo yote yamo humu," kijana humjibu, akigonga kioo cha simu.

"Humo yamo, sina ubishi. Na kwako yamo?"

Kijana huona ni maneno ya wazee, akatabasamu na kugeuka upande wa upepo. Tusimsingizie uvivu, kwa sababu kila usiku alikuwa akitafuta habari za Kilwa mtandaoni, anapiga picha ya ukurasa, anaihifadhi. Alikuwa na folda ya Gereza, folda ya Msikiti Mkuu, folda ya Husuni Kubwa, folda ya Songo Mnara, zote zimepangwa kwa utaratibu ambao karani angeuonea wivu. Na mara moja alimkosoa mzee kwa haki kabisa. Mzee alikuwa akisema Wareno walijenga ngome yao mwaka 1502. Kijana akamwonyesha kwenye simu: 1502 ni mwaka aliopita Vasco da Gama kudai ushuru, ngome ilijengwa 1505, alipokuja Francisco de Almeida na majeshi yake. Mzee aliufikiria mwaka huo mpya kwa muda, akauliza hao Wareno walikaa mpaka lini, akaambiwa mpaka 1512. Tangu siku hiyo hakukosea tena. Kichwa husahau, kichwa hupotosha, na simu ina faida yake. Lakini angalia ni nani aliyefaidika na masahihisho yale. Mzee alikuwa na kitu cha kusahihishwa.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Lilikuja basi la wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Lindi, ziara ya kimasomo, mwalimu wao wa historia mbele na kofia ya ukindu. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo ilikuwa bamvua, na mzee aliwaambia tangu Masoko kwamba wavae viatu vya kuvulika, maana saa nne maji yatakuwa yametoka na watatembea kwenye tope. Programu ya kijana ya kupwa na kujaa nayo ilisema saa nne. Katika hilo hawakushindana. Wakavuka, wakavua viatu, wakapita majini chini ya kuta za ngome ya Gereza, wasichana wamekunja sketi mkononi na daftari kichwani. Mzee goti lilikuwa linamsumbua, akabaki kwenye mashua.

Kijana aliongoza vizuri, ningesema vizuri sana. Penye Msikiti Mkuu, chini ya vile vikuba na matao, alifungua simu akasoma kwamba sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, na kwamba karne ya 14 mwanzoni sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti mara kadhaa ya ukubwa wake wa kwanza. Akaongeza kwamba sultani huyo alitoa sarafu za shaba zenye jina lake, na kwamba mojawapo iliokotwa mbali sana, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanafunzi wakaandika. Walipokuwa wakitembea kwenye njia ya vichaka kuelekea mashariki, akasoma habari za Ibn Battuta: kwamba msafiri huyo wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, akauona mji ni mzuri na umejengwa vizuri, na kwamba sultani aliyemkuta aliitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, hata Ijumaa moja fakiri kutoka Yemen alipomwomba nguo alizovaa, alizivua akampa. Wanafunzi wakaandika. Wakafika Husuni Kubwa, pale juu ya genge, jumba la vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane ambalo kila mtoto lazima aingie ndani yake apigwe picha. Kijana akasoma kwamba katika magofu hayo lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yanayomtaja al-Malik al-Mansur. Wakaandika.

Msichana mmoja aliyekuwa amekaa ukingoni mwa bwawa akanyoosha mkono.

"Kaka, samahani. Hawa wafalme watatu walipokezana vipi? Nani alianza?"

Mtandao ulikuwepo, minara ya Masoko inashika mpaka pale. Kijana akatafuta "wafalme wa Kilwa", ikaja orodha ndefu ya akina Ali, Daud, Hasan na Sulaiman, bin fulani bin fulani, majina yaleyale yakirudi kila baada ya mistari michache. Akapandisha, akateremsha. Jua lilikuwa kali, mwalimu anaangalia saa. Akasema, "Alianza al-Hasan, akafuata Abu al-Mawahib, halafu al-Mansur."

Wakaandika.

Msomaji keshaona. Al-Hasan bin Sulaiman wa sarafu, Abu al-Mawahib wa Ibn Battuta na al-Malik al-Mansur wa lile jiwe ni mtu mmoja, kwa kadiri wanaakiolojia na wanahistoria wanavyoyasoma maandishi hayo. Aliyepanua msikiti ndiye anayedhaniwa kujenga jumba lile la gengeni. Dhahabu iliyopita Sofala kutoka bara la Zimbabwe ndiyo iliyolipia jumba na msikiti, na ndiyo inayoifanya ile sarafu moja ya shaba, iliyookotwa mamia ya kilomita ndani ya nchi, kuwa na maana. Na zile nguo alizopewa fakiri zilivuliwa na mtu aliyekuwa na nyingine za kubadilisha. Ukiyaweka pamoja unaona mfalme, biashara yake, majivuno yake na sadaka yake. Ukiyatenganisha una majina matatu yanayochosha, na hapo mtoto anauliza kwa nini tunasoma historia.

Ninachotaka kusisitiza ni kwamba simu haikudanganya. Hakuna ukurasa hata mmoja siku ile uliosema uongo. Kila habari ilikuwa sahihi mahali pake, ila kila moja ilikaa kwenye folda yake, na folda hazisalimiani. Habari mbili haziwezi kugundua kwamba ni ndugu mpaka zikutane mahali pamoja, na mahali hapo ni kichwa cha mtu. Watu wengi huniambia, "Kwa nini nikariri kitu ninachoweza kukipata kwa sekunde tatu?" Jibu langu ni kwamba utakipata ulichokijua kukiuliza. Kijana hakuuliza kama watu wale watatu ni mmoja kwa sababu halikumjia kichwani, na halikumjia kwa sababu hakuwa na hata mmoja wao kichwani.

Mwalimu je? Mwalimu naye alikuwa na simu.

Wanafunzi walirudi Lindi, wakatengeneza bango la karatasi ngumu, wafalme watatu wamechorwa na vilemba vya rangi tatu tofauti, mishale ikionyesha nani alimrithi nani. Likapata alama nzuri. Likabandikwa ukutani, na waliokuja kidato cha tatu mwaka uliofuata walijifunza kwalo.

Hiyo ni hasara ya kwanza, nayo kijana hakuijua. Ya pili aliijua vizuri.

Meli za watalii zimeanza kutia nanga Kilwa, na wakala mmoja alikuja kuchagua waongozaji wa msimu. Usaili ulikuwa rahisi kuliko watu walivyotarajia. Mezani kulikuwa na ndoo ya plastiki, na kila aliyeingia aliambiwa aitumbukize simu yake humo. Halafu wakala akasema, "Mimi ni mgeni, nimeshuka pwani ya Kisiwani sasa hivi. Nionyeshe mji."

Kijana alianza kwa bashasha. Karibu Kilwa, mji wa kale, urithi wa dunia. Tangu mwaka gani? Aliuona ukurasa wenyewe machoni pake: juu picha ya matao, kulia ramani ndogo yenye alama nyekundu, chini tangazo la hoteli. Mwaka ulikuwa mstari wa pili au wa tatu. Ni 1981, na orodha ya urithi ulio hatarini iliingia 2004 ikatoka 2014, alikuwa ameyasoma hayo kwa sauti mbele ya wageni mara nyingi kuliko alivyosoma jina lake. Aliijua folda, akaijua picha, akaujua mstari. Mwaka haukuja. Akaruka kwenye Gereza, akasema ni la Wareno, akaulizwa mbona mlango ni wa Kiswahili na nakshi, akakumbuka kwamba kulikuwa na maelezo fulani kuhusu Waomani. Baada ya dakika chache wakala alimshukuru kwa adabu. Nafasi moja kati ya zile ilikwenda kwa dada wa Kisiwani anayeuza vitumbua pale wanaposhukia wageni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisikia mzee akisimulia, na kila mzee akikosea jina humsahihisha kwa sauti ya juu.

Kilichomtokea kijana kimepimwa na watu wa elimu ya nafsi. Mwaka 2011 Betsy Sparrow wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na Jenny Liu na Daniel Wegner, walichapisha katika jarida la Science majaribio ambayo watu waliandika vipande vya habari kwenye kompyuta. Nusu waliambiwa kompyuta itahifadhi walichoandika, nusu wakaambiwa itafuta. Walioamini kwamba kitafutwa walikumbuka zaidi. Katika jaribio jingine habari ziliwekwa kwenye folda zenye majina, na watu wakakumbuka folda kuliko walivyokumbuka kilichomo. Mwenye kusoma hayo atadhani watafiti walikuwa wamekaa kwenye mashua ya mjomba.

Haki isemwe: si kila kitu katika utafiti ule kimesimama. Jaribio lake mojawapo, lile la kupima kama swali gumu humfanya mtu awaze kompyuta papo hapo, lilirudiwa na kundi jingine la watafiti na matokeo yao, yaliyotoka 2018, hayakuwa yale. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba sayansi imethibitisha simu inaua ubongo. Haijathibitisha hivyo, na wanaosema hivyo mara nyingi wameyasoma kwenye simu. Wala kuweka mzigo nje ya kichwa si dhambi. Benjamin Storm na Sean Stone walionyesha mwaka 2015 kwamba mtu akihifadhi faili moja kabla ya kusoma jingine, hilo la pili analishika vizuri zaidi, kwa kuwa akili imepumua. Namba za simu za ukoo mzima, bei za jana, tarehe ya kulipa ada, hayo yakae huko.

Utafiti unaonitisha mimi ni mwingine, wa Matthew Fisher, Mariel Goddu na Frank Keil wa Yale, uliotoka mwaka huohuo wa 2015. Waliwapa watu maswali wakatafute maelezo yake mtandaoni, kisha wakawauliza wajipime wenyewe: mambo mengine, yasiyohusiana kabisa na waliyotafuta, mnadhani mnaweza kuyaeleza kiasi gani? Waliotoka kutafuta mtandaoni walijipa alama za juu kuliko wenzao ambao hawakutafuta. Yaani kutafuta kuliwafanya wajione wanajua hata wasichokitafuta. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama, na ndipo ninapomwonea huruma. Alipoingia kwenye usaili hakuwa anabahatisha. Aliamini kwa dhati kwamba anaijua Kilwa. Mtu anayejua kwamba hajui huuliza. Huyu alikuwa ameshiba kwa harufu.

Kuna wanaosema hatari ya kutegemea mtandao ni kukatika kwake. Watu wa Lindi wanalijua hilo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na wiki moja baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zikakatika huko kusini karibu na Durban, nchi nzima ikabaki inatazama duara linalozunguka kwenye kioo. Ni usumbufu, sikatai. Lakini mtandao ulirudi, na siku ya wale wafalme watatu haukuwa umekatika. Kama tatizo lingekuwa minara na nyaya tungewaachia mafundi.

Kilwa yenyewe ilishaonja hasara ya kuwa na elimu iliyo mahali fulani. Habari za masultani wake ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kitabu ambacho wanahistoria hukiita Tarehe za Kilwa. João de Barros wa Ureno alikuwa na maandishi ya namna hiyo, akayatumia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu iliyopo leo iliandikwa upya Zanzibar mwaka 1877, Sultani Barghash akampa John Kirk, balozi wa Uingereza, ikaenda London, na iko huko mpaka sasa. Masimulizi hayo mawili hayalingani. Wafalme wengine wamepishana nafasi. Na wa kuyapatanisha kwa mdomo, mtu wa Kisiwani aliyepokea mpangilio ule kwa baba yake na baba yake kwa babu yake, hayuko. Tunajua kilipo kitabu. Tunajua hata rafu. Tukitaka kujua nani alimrithi nani, tunasoma walichobishana Wareno na Waingereza.

Linganisha na yaliyotokea upande wa pili wa wilaya hiyohiyo. Julai 1905, Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walikuwa na mafaili, telegramu na ripoti. Wamatumbi hawakuwa na faili. Mwaka 1968, zaidi ya miaka 60 baadaye, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee katika mradi ulioanzishwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walirudi na mambo ambayo hakuna karani wa Kijerumani angeyajua: habari za maji zilivyopita kwa kunong'onezana kutoka mtu hadi mtu kabla ya vita, watu walivyokwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, walichoahidiwa na walichokielewa. Sehemu kubwa ya historia tunayowafundisha watoto leo imetoka kwenye vinywa vile.

Wazee wale hawakuwa na bongo za ajabu. Walikuwa wakisimuliana. Jioni baada ya jioni, kwenye matanga, kwenye ngoma, mtu alilazimika kulitoa kichwani jambo alilolipokea, na mwenzake akamkatiza, "Hapana, kwanza walipita huku." Huko kutoa ndiko kunakoshikisha, jambo ambalo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo Marekani. Kundi moja lilisoma habari fulani na kuirudia kuisoma. Kundi la pili liliisoma, kisha likajaribu kuiandika kwa kukumbuka tu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliwashinda wenzao. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojikamua wakakumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Ndiyo maana kurudia kusoma kunapendeza kuliko kujikamua: faida yake unaiona papo hapo, na hasara yake unaiona chumba cha mtihani.

Chuoni kwetu, namaanisha vyuo vya Kurani vya zamani, jambo hili lilikuwa ndani ya ubao. Mtoto aliandikiwa aya kwenye ubao wa mti kwa wino, akaidurusu, na ubao haukuoshwa mpaka aisome mbele ya mwalimu bila kutazama. Ukishaoshwa, maandishi yamekwenda na aya imebaki. Watoto wetu leo wana ubao usiooshwa kamwe, unaopokea kila kitu na kutomdai mtu chochote. Sisemi turudi kwenye wino wa masizi. Nasema kuna mtu aliyekuwa akitudai, na sasa hayupo, na hatujaweka mwingine mahali pake.

Kuna walimu watakaonijibu kwamba kukariri ndiko kulikotuharibia elimu, watoto wanameza majibu ya mitihani iliyopita kama kasuku na hawaelewi. Wana haki, nami sitetei kasuku. Lakini mbona desa limehamia kwenye simu na kasuku yuko palepale? Mwanafunzi anapewa swali la kazi ya nyumbani, analitupia mtandaoni au kwa akili mnemba, anakopi, anapesti, anafuta jina la mwingine anaweka lake. Zamani kasuku angalau alimeza. Kuelewa hakuanzi mahali patupu. Yule msichana wa ukingoni mwa bwawa aliuliza swali zuri kuliko yote siku ile kwa sababu majina matatu alikuwa ameshayaandika kwa mkono wake na alitaka yashikamane.

Kijana, baada ya usaili, alikaa wiki nzima bila kupanda mashua. Alipopanda, mzee hakumuuliza kitu. Walivuka, wakatembeza wageni, wakageuza. Mzee akaanza kusimulia kama kawaida yake, alipofika kwenye Ibn Battuta akapaliwa na kikohozi, na kijana akaendelea yeye. Alikwama kwenye jina la sultani. Akapeleka mkono mfukoni.

"Ngoja kwanza," mzee akamwambia. "Tafuta huko kwako. Ukikosa, ndipo ufungue."

Alikosa, akafungua, akaliona jina, na kesho yake hakulikosa. Ilimchukua msimu mzima wa kusi kuyapanga. Siku alipogundua mwenyewe, katikati ya maji, kwamba Abu al-Mawahib na mwenye sarafu ni mtu mmoja, alipiga kelele mpaka mjomba akadhani mashine imeingia maji. Folda zake bado anazo na anaziongeza. Anazifungua mgeni akiuliza jambo jipya, na akishalipata hulisimulia wakati wa kurudi.

Walimu wa Lindi, Nachingwea, Ruangwa na Mtwara mnaoleta watoto Kilwa, au mnaowapeleka Kivinje kwenye kumbukumbu za Maji Maji: safari ya kurudi ni ndefu na basi lina watu 60 wasio na la kufanya. Kusanyeni simu mlangoni, na zenu zikiwemo. Waulizeni walichokiona, mmoja aanze, mwingine amkatize, wakosee, wabishane mpaka mfike Mchinga. Swali la kwanza liwe jepesi: yule mfalme aliyempa fakiri nguo zake aliitwa nani? Atakayetoa jina moja, mwacheni ayatafute mengine mawili kabla hamjarudisha simu.